Somo la Kumi na Sita: Firigisi ya Sultani, au Jinsi Kila Mtu Anavyomhitaji Mwenzake



Katika masomo yaliyotangulia tulisema juu ya kiburi, na jinsi kinavyomtenga mtu na Mungu. Leo tutazame jambo lililo jirani yake, yaani udhaifu wa mwanadamu. Kila mtu ni dhaifu, hakuna ajitoshaye, na kwa sababu hiyo sisi sote twategemeana. Neno hili watu wote hulikubali kwa mdomo. Lakini ni wachache wanaolikubali moyoni, hasa zamu ya kusaidiwa inapowafikia wenyewe.

Ili tulielewe vema, nitachukua mfano wa mchezo wa kuchekesha. Najua yuko mzee mmoja atakayenung'unika: "Katekista, michezo ya vichekesho inaingiaje katika dini?" Mzee wangu, usikasirike. Bwana wetu alipofundisha alitumia habari za mpanzi, za mwanamke aliyefagia nyumba kutafuta fedha yake, za rafiki agongaye mlango usiku wa manane kuomba mkate. Hizo ni habari za nyumbani kwa watu. Nasi tuna habari za kwetu, na zikituchekesha, si vibaya.

I. Mchezo wenyewe

Wengi wenu mmelisikia jina la Mufwankolo. Ni jina la mchezoni la kiongozi wa kundi la wachezaji wa Lubumbashi, na kundi lote likaitwa kwa jina hilo. Kwa miaka mingi walisikika katika redio, wakaonekana katika televisheni ya Lubumbashi, wakicheza kwa Kiswahili cha Katanga, kile kile tunachokisema sokoni na uani. Watu wale wale walirudi katika mchezo baada ya mchezo, hata watazamaji wakawajua kama majirani. Mambo yao yalikuwa ya kila siku: ndoa, fedha, kazi, ugomvi wa nyumbani, wakubwa na wadogo.

Mwaka 1986, wakati nchi yetu iliitwa Zaire na jimbo letu Shaba, kundi lile lilitengeneza mchezo wenye jina la Kifaransa: Le pouvoir se mange entier. Maana yake ni hii: utawala huliwa mzima, haukatwi vipande.

Neno hilo lilitoka mezani. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Johannes Fabian, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa amefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alirudi kwetu kwa safari, akaalikwa kula chakula. Wenyeji wake wakamwekea firigisi ya kuku, kama tunavyomwekea mgeni wa heshima. Yeye, kwa adabu ya kwao, akataka kuigawanya na wenzake. Ndipo akaambiwa neno lile. Baadaye akawauliza wachezaji wa Mufwankolo: neno hili lina maana gani? Wakajadiliana sana, kisha wakaona afadhali kulijibu kwa mchezo. Wakatunga mchezo wa sultani, na wakubwa wake, na watu wa kijiji chake. Picha zake zilipigwa katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi. Mwaka 1990 Fabian alitoa kitabu kizima juu ya mchezo huo, akayaandika humo maneno ya wachezaji katika Kiswahili chao wenyewe.

Hiyo ndiyo habari ya mchezo. Sasa tutafute mafundisho yaliyomo.

II. Nani aliipika firigisi?

Firigisi mnaijua: kile kifuko kigumu ndani ya kuku kinachosaga chakula. Kwetu hupewa baba wa nyumba, au mgeni mkubwa, au sultani. Anayepewa huila peke yake. Watoto hutazama.

Mila hii ina hekima yake. Kijiji kikiwa na masultani wawili, amri mbili hugongana, na raia huumia. Mwenye kuhukumu lazima awe mmoja, ili neno likiisha kukatwa liwe limekatwa. Basi tusiidharau mila ya wazee wetu.

Lakini mtu mwenye akili atauliza maswali. Kuku huyo nani alimlea? Nani alimkimbiza uani alfajiri? Nani alimnyonyoa, nani alichanja kuni, nani aliteka maji, nani alikaa motoni na moshi machoni? Sultani anaila firigisi nzima, sawa. Ila hakuipika. Mama aliipika, na yeye hakuionja. Hivyo hata kile chakula kimoja kinachosema, "Mimi ni peke yangu," kimepita katika mikono ya watu watano kabla ya kufika mdomoni.

Itazameni tena firigisi yenyewe. Kuku hana meno. Asingeweza kuishi kwa punje za mahindi kama kisingekuwako kifuko kile cha kumsagia. Nacho husaga kwa msaada wa vijiwe vidogo ambavyo kuku amevidonoa chini. Tena hakijisagii chenyewe: husaga kwa ajili ya mwili mzima, ili miguu ipate nguvu na mabawa yapate nguvu. Nadhani wazee walichagua vema. Walimpa mkubwa kile kiungo kifanyacho kazi kwa ajili ya wengine, ili akumbuke kazi yake kila mara anapotafuna.

III. Sultani hufanywa na wanaopiga magoti

Jambo la pili tunajifunza katika namna mchezo ulivyotengenezwa. Wachezaji wale hawakuandikiwa maneno ya kukariri. Walikutana, wakachagua neno la kuchezea, wakapatana habari itakavyokwenda, wakagawana kazi: wewe utakuwa sultani, wewe utakuwa mzee wa baraza, ninyi raia. Kisha wakajaribu, na maneno yenyewe kila mmoja akayapata papo hapo, kwa kumsikiliza mwenzake.

Fikirini jinsi kazi hiyo ilivyo ya hatari. Mchezaji anasimama mbele ya watu, na hana neno lililoandikwa la kumwokoa. Akisahau, ni mwenzake atakayemwokoa kwa kumwuliza swali. Akichelewa, mwenzake atajaza nafasi. Na akitaka kusema peke yake kutoka mwanzo hata mwisho, mchezo unakufa, na watazamaji wanaondoka. Watu wasemao juu ya utawala usiogawanyika walilazimika kugawana kila neno.

Tena, mtu anayecheza sultani, nani anamfanya sultani? Unaweza kumvika ngozi ya chui na kumkalisha juu ya kiti kizuri. Wengine wakipita mbele yake bila kumwangalia, yeye ni mzee tu aliyeketi kitini, na watu watacheka. Lakini mmoja akipiga magoti, na wa pili akapiga makofi, na wa tatu akashusha sauti, mara kila mtazamaji anaona sultani. Usultani wake umo katika magoti ya wengine.

Ndugu, mambo ya duniani hayako mbali na hayo. Mwalimu ni mwalimu kwa sababu wako watoto wanaosikiliza. Mimi ni katekista kwa sababu ninyi mnakuja. Siku mtakapobaki nyumbani, nitakuwa mtu mmoja anayesema na kuta. Ndiyo maana wahenga walisema: mtu ni watu.

IV. Habari ya baba yangu

Sasa niwaambieni jambo la nyumbani kwetu, hapa Likasi, ili msidhani kwamba nafundisha nisiyoyajua.

Baba yangu alikuwa mwashi. Katika mtaa wetu wa Kikula kuta nyingi zilipitia mkononi mwake. Watu walimwita Kapita, kwa maana alikuwa na wasaidizi waliomchanganyia udongo na saruji. Alikuwa mtu wa haki, lakini mkali. Kuku alipochinjwa, firigisi ilikuwa yake, naye aliila polepole, nasi watoto saba tukitazama taya lake.

Nilipokuwa katika shule ya makatekista, nilipata habari kwamba baba amepooza upande wa kuume. Niliporudi nilimkuta kitandani. Mkono ule uliojua timazi na mwiko haukuweza kuinua kijiko. Mama alitaka kumlisha. Akageuza uso ukutani. Alikunywa maji tu, yale aliyoyafikia kwa mkono wa kushoto. Siku tatu zikapita hivyo. Wakristu wa jumuiya yetu walikuja kumsalimu. Akafumba macho, akajifanya amelala. Tulidhani ana hasira. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya. Afadhali kufa kuliko kulishwa kama mtoto: hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake.

Siku ya nne jioni alikuja mzee mmoja, aliyekuwa zamani msaidizi wake wa kuchanganya udongo. Hakuuliza habari za ugonjwa. Alivuta kiti, akaanza kusimulia michezo ya Mufwankolo waliyokuwa wakiitazama pamoja zamani kwa jirani mwenye televisheni. Akaiga sauti za wachezaji. Akamwiga mkubwa mwenye majivuno, anayejifanya hahitaji mtu, huku ameketi juu ya kiti kilichovunjika mguu, na mtumishi ameushika mguu huo kwa siri nyuma yake. Mtumishi akapiga chafya. Basi mjue yaliyompata mkubwa.

Baba akacheka. Na alipocheka, mdomo wake uliopinda ukaonekana wote, na mate yakatiririka kidevuni mbele ya watu. Tukanyamaza. Mzee yule akachukua ncha ya kitambaa, akampangusa, akasema: "Kapita, miaka kumi na miwili nilikushikia ngazi. Leo unaona haya mbele yangu kwa ajili ya mate?"

Baba akakaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia mama: "Mama Yosefu, lete bukari."

Jumapili iliyofuata tulichinja kuku. Mama akaweka firigisi mbele ya baba kama desturi. Ni ngumu, ninyi mnajua, na kwa mkono mmoja hakuweza kuikata. Akamwomba mama aikate vipande. Alipokwisha kuikata, baba akasema kila mtu achukue, akianza mama. Kila mmoja wetu alipata kipande kama ukucha. Tulikuwa tumekaa miaka yote tukiitamani. Baba akasema: "Kuku wote niliowala, hakuna hata mmoja niliyemkamata mimi."

Aliishi miaka mitano tena. Ile miaka mitano nilimjua baba yangu kuliko ile ishirini ya kwanza.

V. Ushuhuda wa mji wetu

Jambo lililompata baba yangu katika mwili liliupata mji wetu kwa namna nyingine. Ninyi wa vijijini mmezoea kumwona mtu wa Likasi kama mtu asiye na shida. Zamani za Union Minière, na baadaye za Gécamines, mfanyakazi alipata nyumba, unga, shule ya watoto na matibabu. Baba alileta yote, na wengine walimtegemea yeye. Mwaka 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wakapokea fedha kwa mara ya mwisho. Fedha zikaisha upesi.

Ndipo katika nyumba nyingi mama alishika jembe, akalima nje ya mji; akauza unga, makala, maandazi. Watoto wakauza maji njiani. Baba aliyekuwa akiwalisha wote akalishwa na wote. Wako waliokubali, na nyumba zao zikasimama. Wako walioona ni aibu, wakakimbilia pombe, au wakawapiga wake zao kwa sababu tu walikuwa wamelishwa nao. Ugonjwa wao haukuwa njaa. Ugonjwa wao ulikuwa kushindwa kusema: "Mama, asante."

VI. Kanisa lafundisha nini?

Mungu peke yake ndiye ajitoshaye. Na hata yeye, kama mlivyojifunza katika somo la Utatu, hayuko katika upweke: Baba na Mwana na Roho Mtakatifu ni Mungu mmoja katika mapendo. Naye alipomwumba Adamu aliona kwamba si vema akae peke yake.

Mwana wa Mungu alipokuja kwetu hakukwepa udhaifu. Alibebwa mgongoni, alinyonyeshwa, alifundishwa kutembea. Kwenye kisima cha Yakobo alichoka na kuona kiu, akamwomba maji mwanamke Msamaria. Njiani kwenda Kalvario msalaba ulipomwelemea, Simoni wa Kirene aliubeba. Alipokufa alizikwa katika kaburi la mtu mwingine. Bwana aliyekuja kutusaidia alikubali kusaidiwa. Wewe ni nani hata ukatae?

Tena zitazameni sakramenti. Hakuna mtu ajibatizaye mwenyewe. Lazima mkono wa mwingine ummwagie maji. Padri awaondoleaye wengine dhambi hawezi kujiondolea za kwake; lazima apige magoti mbele ya padri mwenzake. Na hata Baba Mtakatifu huungama kwa padri. Kristu alipanga hivyo ili tusipate neema kama watu wasiojuana. Ndiyo maana Mtakatifu Paulo alitufananisha na mwili: jicho haliwezi kuufukuza mkono, na kiungo kimoja kikiumia, vyote huumia.

VII. Jihadharini na makosa mawili

Kosa la kwanza ni uvivu. Mwingine atasema: "Katekista amefundisha kwamba tunategemeana, basi nitakaa kivulini, wengine walime." Huyo hakusikia somo. Paulo huyo huyo alishona mahema kwa mikono yake ili asiwalemee watu. Kutegemeana ni kupokea na kutoa, kila mtu kwa nguvu aliyo nayo. Baba yangu katika kitanda chake aliwafundisha vijana wa mtaa kupima ukuta kwa jicho. Hakuwa na mkono, lakini macho alikuwa nayo.

Kosa la pili ni dhihaka. Kicheko kiko cha namna mbili. Kiko kicheko cha kumwinua mtu, kama kile cha msaidizi wa baba. Na kiko kicheko cha kumkanyaga kilema, mlevi, mjane au mgeni. Mchezo mzuri hutuchekesha hata katikati ya kicheko tukashtuka: "Kumbe huyo ni mimi!" Mtu akicheka bila kujiona ndani ya kicheko chake, ajichunguze.

Maswali ya kurudia

1. Je, ni aibu kuwa dhaifu?
Hapana. Mungu alituumba tuhitajiane, na Yezu Kristu mwenyewe alikubali udhaifu wa mwili wetu.

2. Nani ajitoshaye?
Mungu peke yake.

3. Mkubwa anayepewa heshima akumbuke nini?
Akumbuke kwamba heshima yake imepikwa na mikono ya wengine, na kwamba alipewa kwa ajili yao.

4. Je, anayekataa kusaidiwa hutenda vema?
Hutenda vibaya akikataa kwa kiburi, maana humnyima mwenzake nafasi ya kupenda.

5. Je, twaweza kuacha kazi na kuwategemea wengine?
La. Kila mtu atoe kadiri ya nguvu zake, apokee kadiri ya shida yake.

Azimio la juma hili

Kila mmoja afanye mambo mawili. Kwanza, amtembelee mgonjwa au mzee mmoja, na asiende na huruma tu. Aende pia na habari ya kumchekesha. Pili, na hili ndilo gumu, amwombe mtu mwingine msaada katika jambo ambalo amekuwa akilificha kwa haya. Mume amwombe mkewe. Mkubwa amwombe mdogo. Na siku kuku atakapochinjwa nyumbani, baba, ile firigisi ni yako kama desturi. Lakini kabla ya kuitia mdomoni, uliza nani aliyemkamata kuku, ukamwite kwa jina lake, ukamshukuru.

Bwana awe nanyi hata somo lijalo.